Kutua Pafupi au Kufika Mapema: Ndege za Kujiundia na Hesabu ya Bawa

Kila baada ya muda husambaa kwenye simu za watu video ya ndege ndogo yenye matairi makubwa ikishuka taratibu, ikigusa changarawe za ukingo wa mto na kusimama kabla hata vumbi halijatulia. Hazipiti siku nyingi ikaja video nyingine, ya ndege ya ukubwa uleule na yenye viti viwili vilevile, ikikata anga kwa kilomita 300 kwa saa, na mwenye nayo akieleza kwamba aliiunda mwenyewe kwenye banda la gari nyumbani kwake. Watazamaji huunganisha video hizo mbili vichwani mwao na kuuliza swali linaloonekana kuwa la haki kabisa: kwa nini mtu asiunde ndege moja inayofanya yote mawili? Jibu liko kwenye bawa, na halihitaji shahada ya uhandisi kulielewa, ingawa linahitaji kwanza tukubaliane juu ya maneno machache.

Ndege ya kujiundia ni ndege inayouzwa ikiwa vipande: mabati ya alumini yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, mbavu za bawa, mabomba ya chuma au maganda ya faibaglasi, pamoja na michoro na maelekezo. Mnunuzi huviunganisha kwa miezi, mara nyingi kwa miaka. Nchini Marekani, ambako hobi hii imeenea sana, kanuni za usafiri wa anga hutaka zaidi ya nusu ya kazi ya kuunda ifanywe na watu wanaojifunza au kujiburudisha, si na kiwanda. Neno "kujiundia" huwafanya wengi wafikirie kitu cha kuchezea, jambo ambalo si kweli hata kidogo: ndege za mfululizo wa RV, za kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven miaka ya 1970, zimekwisha kuundwa na kurushwa zaidi ya 10,000.

Maneno mengine ni matatu. Mnyanyuko ni nguvu ya hewa inayolibeba bawa kwenda juu; atakayetoa kiganja nje ya dirisha la gari linalokwenda kasi na kukiinamisha kidogo ataihisi mara moja. Ukinzani ni nguvu ya hewa hiyohiyo inayouvuta mkono kurudi nyuma. La tatu, ambalo ndilo linalovurugwa zaidi, ni stoli. Wengi wakisikia kwamba ndege imestoli hudhani injini imezima, kama gari linavyozima dereva akiachia klachi vibaya. Sivyo. Ndege hustoli pale bawa linapoinamishwa mno dhidi ya upepo hata hewa ikashindwa kuufuata mgongo wake na kuanza kuvurugika, na hapo mnyanyuko hupungua ghafla, injini ikiwa inanguruma vizuri kabisa. Kwa kuwa rubani anayepunguza mwendo hulazimika kuliinamisha bawa zaidi na zaidi ili liendelee kubeba uzito uleule, kila ndege ina kasi ya chini ambayo haiwezi kuivuka ikabaki angani. Hiyo ndiyo kasi ya stoli, na karibu kila kitu tutakachosema hapa kinaanzia kwake.

Tuchukue ndege tatu zinazojulikana sana miongoni mwa waundaji. Ya kwanza ni Zenith CH 701, iliyobuniwa na mhandisi Chris Heintz katikati ya miaka ya 1980 mahsusi kwa ajili ya viwanja vifupi na vibovu. Ya pili ni RV-12 na ya tatu ni RV-7, zote za Van's. Zote tatu ni za watu wawili na zote ni za alumini. Zaidi ya hapo, na hili huwashangaza hata baadhi ya marubani, maeneo ya mabawa yake yanakaribiana mno: mita za mraba 11.3 kwa CH 701, 11.8 kwa RV-12 na 11.2 kwa RV-7. Anayedhani kwamba ndege ya kutua pafupi ni ile tu yenye bawa kubwa na ndege ya mbio ni ile yenye bawa dogo anapaswa kuzitazama tarakimu hizo mara mbili.

Ilhali mwenendo wake ni mbingu na ardhi. Kwa takwimu za watengenezaji, CH 701 hustoli karibu na kilomita 48 kwa saa na husafiri kwa takriban 130. RV-12 hustoli karibu na 76 na husafiri kwa takriban 210. RV-7 yenye injini ya nguvu za farasi 180 hustoli karibu na 93 ikiwa imejazwa hadi kikomo cha uzito wake, na husafiri kwa zaidi ya 300.

Sababu ya kwanza ni mzigo. CH 701 inaruhusiwa kuruka na uzito wa jumla wa takriban kilo 500, RV-12 kilo 600, na RV-7 kilo 816. Ukigawanya kwa eneo la bawa, kila mita ya mraba ya CH 701 hubeba kilo 44, ya RV-12 kilo 51, na ya RV-7 kilo 73. Bawa lililobebeshwa zaidi lazima liende kasi zaidi ili lipate mnyanyuko wa kutosha, kama vile mtu aliyebeba gunia anavyozama kwenye matope ambayo mwenzake asiye na mzigo huyapita.

Sababu ya pili ni umbo, na hapa inafaa kusogea karibu kabisa na ndege yenyewe. Simama mbele ya bawa la CH 701. Ni nene kama godoro, na mbele yake, kwa urefu wote, kumefungwa ubapa mwembamba uliopinda, ambao marubani huuita slati, ukiacha upenyo kati yake na bawa. Ndege inapoinua pua sana na kwenda polepole, hewa hupenya kwenye upenyo huo kwa kasi na kutiririka juu ya mgongo wa bawa, ikiizuia hewa nyingine isibanduke. Bawa linalopaswa kustoli haliukatai mzigo bado. Linaendelea kubeba kwa pembe ambayo bawa la kawaida lingekuwa limeshasalimu amri. Mbinu hii si ngeni: ndege ya Kijerumani ya Fieseler Storch, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1936, ilikuwa na slati kama hiyo na ikajipatia sifa ya kutua mahali ambapo nyingine zisingethubutu. Nyuma ya bawa la CH 701 huning'inia kibawa kingine chembamba, chini kidogo ya bawa lenyewe, kinachofanya kazi ya kuongeza mnyanyuko na ya kuiegemeza ndege upande kwa wakati mmoja.

Sasa nenda kwenye RV-7 ukapitishe kiganja juu ya bawa lake. Hutahisi kitu. Vichwa vya ribiti zote, yaani pini zinazoyaunganisha mabati, vimezamishwa vikalingana na bati, kazi ambayo muundaji aliifanya tundu baada ya tundu, kwa maelfu, akikibonyeza kila kitundu kiwe kishimo kidogo kabla ya kuipigilia ribiti. Rudi kwenye CH 701 na kiganja kitapita juu ya vinundu vya mviringo, kwa kuwa huko ribiti huvutwa kwa bastola ya ribiti na kichwa huachwa kimechomoza. Muundaji wa CH 701 hakufanya uzembe. Kwa kilomita 130 kwa saa vinundu hivyo havimgharimu kitu cha maana, na vimemwokolea miezi ya kazi. Kwa kilomita 300, kila kinundu ni mdai.

Kwa nini kasi iwe na wadai wengi hivyo? Kwa sababu ukinzani hauongezeki sambamba na mwendo. Ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani wa umbo huongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda huongezeka mara nane. Yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli anaijua hesabu hii miguuni hata kama hajawahi kuiona kwenye karatasi: kutoka mwendo wa kutembea hadi mwendo wa wastani ni rahisi, lakini kuongeza kidogo tu juu ya hapo hukausha pumzi. Hivyo basi, imani iliyoenea kwamba ndege ya polepole inaweza kufanywa ya mbio kwa kuifunga injini kubwa haina mashiko. Kwa makadirio ya hesabu hiyo, kuipeleka CH 701 kutoka kilomita 130 hadi 310 kwa saa kungehitaji nguvu zaidi ya mara 13, yaani injini ya ndege ya kivita kwenye fremu ambayo ingekuwa imeshapasuka kabla ya kufika huko. RV-7 inafika kwa injini ambayo haifikii hata maradufu ya ile ya nguvu za farasi 100 ambayo hufungwa kwenye CH 701 nyingi.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa RV-12, kwa sababu yenyewe hutumia injini ya Rotax 912 ya nguvu za farasi 100, ambayo ndiyo hiyohiyo waundaji wengi wa CH 701 huichagua. Nguvu ni ileile, bawa lina ukubwa karibu uleule, na bado moja inakwenda kilomita 80 kwa saa zaidi ya nyingine. Tofauti yote hiyo ni slati, unene wa bawa, nguzo zinazolishikilia, matairi yaliyo wazi na pembe kali za bodi. Injini kubwa kwenye ndege ya viwanja vifupi ina faida yake, lakini faida hiyo ni katika kupaa na kupanda juu, si katika safari.

Upande wa ardhini nao una hesabu ya aina hiyo. Nishati ambayo breki na msuguano vinapaswa kuimaliza huongezeka kwa mraba wa kasi ya kugusa ardhi. Ukichukua 93 na 48, kilo moja ya RV-7 inatua na nishati karibu mara nne ya kilo moja ya CH 701. Ndiyo maana mtengenezaji wa CH 701 hutaja mwendo wa ardhini usiozidi sana mita 30, wakati RV-7 huhitaji takriban mita 150 hadi 200. Breki nzuri husaidia, lakini vita vya kusimama pafupi huamuliwa angani, kabla ya gurudumu kugusa chochote.

Ukitaka kipimo kimoja cha kulinganishia ndege yoyote ya kujiundia na nyingine, gawanya kasi yake ya safari kwa kasi yake ya stoli. CH 701 hupata 2.7, RV-12 hupata 2.8, na RV-7 hupata 3.3 hivi. Ndege tatu zenye tabia tofauti kiasi hicho zote zimejikusanya karibu na tatu. Hilo ndilo jambo ambalo video za simu haziwezi kulionyesha: mbunifu hachagui tu kutua pafupi au kwenda kasi, bali huchagua mahali pa kuliweka dirisha, yaani nafasi iliyo kati ya kasi ya stoli na kasi ya safari, na dirisha lenyewe lina upana usiobadilika sana. Ukilisogeza chini ili utue polepole, ukingo wa juu unashuka nalo. Tangazo linalodai ndege hustoli kwa kilomita 50 na husafiri kwa 250, yaani uwiano wa tano, linapaswa kusomwa kwa jicho la mnunuzi wa gari kuukuu.

Kulipanua dirisha kunawezekana, kwa gharama. Flapu, yaani vibapa vya ukingo wa nyuma wa bawa, zikiwa za kuteleza nyuma huliongezea bawa eneo wakati wa kutua na kujificha wakati wa safari. Slati za SuperSTOL ya kampuni ya Just Aircraft hujitokeza zenyewe ndege inapopunguza mwendo na kurudi inapokaza. Kila kinachosogea kinahitaji reli, uzito wake, marekebisho yake na siku yake ya kugoma.

Propela ni mfano mzuri wa jambo hilo. Propela isiyobadilika ni baiskeli yenye gia moja: ukiipa mkunjo mdogo, yaani mapanga yake yakipindwa kidogo tu, injini huzunguka kwa nguvu zote wakati wa kupaa lakini hutweta angani kwenye safari, ukiipa mkunjo mkubwa, safari ni tamu lakini kupaa kunachukua uwanja mrefu. Propela inayobadili mkunjo ikiwa hewani huondoa mgogoro huo na hulipwa kwa pesa na kilo. Waundaji wengi wa ndege ndogo huishia kati: hufunga propela ambayo mapanga yake hulegezwa kwa spana ndege ikiwa chini, yakapindwa nyuzi moja au mbili, kisha yakakazwa tena. Hivyo mtu huchagua gia yake kabla ya msimu, si kabla ya mlima.

Kwa upande wa mbio kupita kiasi, mfano ninaoupenda ni Long-EZ ya Burt Rutan, iliyoundwa kwa michoro na watu wengi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa injini ya nguvu za farasi zipatazo 115 tu husafiri karibu na kilomita 290 kwa saa. Ina bawa dogo mbele na kubwa nyuma, na kwa usalama bawa la mbele limepangwa lianze kustoli kwanza ili pua ishuke yenyewe. Matokeo yake bawa kubwa la nyuma haliruhusiwi kamwe kufikia uwezo wake wote, na ndege hutua kwa kasi. Mkiwa mmeegesha, gurudumu la mbele hukunjwa na ndege hupiga magoti, pua chini, kama ngamia. Ni mashine ya ajabu kwenye lami ndefu, na kwenye nyasi zenye mashimo ni balaa.

Turudi kwenye zile mita 30, kwa sababu zimewapotosha watu wengi kuliko tarakimu nyingine yoyote. Hizo ni mita za magurudumu yakiwa ardhini tu. Hazihesabu umbali unaohitajika kuuvuka mti au ukuta ulio mwanzoni mwa kiwanja, na ndiyo sababu vitabu vya ndege hutoa pia umbali wa kutua juu ya kizuizi cha mita 15, ambao ni mkubwa zaidi mara kadhaa. Uwanja wa mpira una mita 105 hivi, na CH 701 inaweza kusimama ndani yake ikabakiza nafasi. Kuingia ukiwa umezungukwa na miti, na kutoka tena siku ya joto mkiwa wawili, ni habari nyingine. Hewa ya mahali pa juu au pa joto ni nyepesi. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 uzito wake ni takriban asilimia 86 ya ule wa usawa wa bahari, hivyo ndege hugusa ardhi kwa kasi halisi kubwa zaidi, na injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Wale wanaosimama kwa mita chini ya 10 kwenye mashindano ya Valdez, Alaska, huja na ndege zilizovuliwa kila kinachovulika, mafuta kidogo tankini, na upepo mzuri usoni. Ustadi wao ni wa kweli, lakini hawaendi safari.

Upepo huohuo unaowasaidia kutua ndio unaomwadhibu mwenye ndege ya polepole njiani. Chukua safari ya kilomita 450. Hewa ikiwa tulivu, ndege ya kilomita 130 kwa saa hutumia saa tatu na nusu kasoro dakika mbili. Ile ya 310 hutumia saa moja na dakika 27. Sasa weka upepo wa mbisho wa kilomita 40 kwa saa. Ya kwanza inatambaa kwa 90 na inahitaji saa tano, ambazo huenda zikamlazimisha rubani kutua njiani kutafuta mafuta. Ya pili inahitaji saa moja na dakika 40. Mmoja amepoteza saa moja na nusu na ushei, mwingine dakika 13. Na kwa kuwa bawa lenye mzigo mwepesi hurushwarushwa na kila mkupuo wa upepo, saa hizo tano si za kukaa kwa starehe. Hapa ndipo inapoanguka imani kwamba ndege inayokwenda polepole ni salama zaidi kwa kila hali: inapotua kwa dharura ndiyo, kwa sababu inagonga na nishati kidogo, lakini upepo wa kando ambao RV-7 ingeuvumilia unaweza kuibeba CH 701 nje ya njia hata baada ya kugusa ardhi.

Kwa maoni yangu, waundaji wengi wanaolumbana juu ya ndege hizi hukosea kwa kukipima kiwanja kifupi wanachokiota badala ya kile watakachokitumia. Mwenye uwanja wa nyasi wa mita 500 bila miti hanufaiki na kusimama kwa mita 30. Atatembea kwa magurudumu mita nyingine 400 kwenda bandani. Mwenye shughuli kando ya mito na mabonde yasiyo na viwanja hanufaiki na kilomita 300 kwa saa, kwa kuwa hana pa kuzipeleka. Kati yao wamo wengi, na kwao ndege za katikati kama Kitfox, ambayo pia hukunja mabawa ikaingia kwenye banda dogo, au Sportsman ya Glasair kwa wanaobeba mizigo, hufanya kazi zote mbili kwa kiasi bila kung'ara kwenye video ya aina yoyote.

Jaribio zuri kuliko yote lilifanywa na waundaji wenyewe. Baadhi ya wenye CH 701 walizifungua slati, wakabandika mahali pake, kwenye mgongo wa bawa karibu na ukingo wa mbele, safu ya vibapa vidogo vilivyosimama wima vinavyoitikisa hewa ili ishikamane na bawa. Nchini Italia, kampuni ya ICP ilifanya vivyo hivyo kwenye ndege yake ya Savannah, inayofanana sana na CH 701, na kuiuza kama toleo la VG, kifupi cha jina la Kiingereza la vibapa hivyo. Waliofanya hivyo walipata kilomita kadhaa zaidi za kasi ya safari. Pua yao haiinuki tena juu kama zamani wakati wa kutua, na wanagusa ardhi kwa kasi kidogo zaidi. Dirisha lilisogea, na slati zimebaki ukutani kwenye banda, zimetundikwa kwa misumari miwili, kwa ajili ya siku mwenye nazo atakapobadili mawazo.